Tausi wa Rwezaura

Ukitaka kumuudhi Mzee Telesfori wa Nyabiyonza, pasua fataki karibu na kibanja chake. Usidhani anaogopa mlio. Mlio aliuzoea kabla baba yako hajavaa suruali. Kinachomchefua ni hizi fataki za siku hizi, zinazoletwa Kayanga kwa katoni kila Desemba, zisizojua kufanya kitu zaidi ya kupiga kelele. Krismasi ya mwaka 1993 vijana walizipasua barabarani baada ya misa ya pili, naye akawatokea na fimbo mkononi, kanzu ya kanisani bado ikiwa mwilini.

"Hii nini?" akafoka. "Nawauliza, hii nini? Haina rangi, haina mwendo, haina hata jina. Fataki isiyo na jina ni ushuzi!"

Vijana wakacheka wakishika mbavu. Mmoja wao, mwenye adabu kidogo kuliko wenzake, akamwamkia, kisha akamuuliza kama ni kweli wanavyosema watu, kwamba mzee ana fataki ya kale jikoni kwake, na kama siku moja angewawashia waione. Telesfori akamtazama kijana yule kwa chuki asiyoistahili, akageuka, akaenda zake. Chuki hiyo ina asili yake, na ni afadhali niisimulie mimi, maana mwenyewe akiisimulia hujipendelea.

Zamani fataki zilikuwa na majina. Telesfori alizijulia dukani kwa Mzee Lalji, Kayanga, alikokuwa akipima chumvi na kukata vitambaa tangu mwaka 1950, yeye na kijana mwenzake wa Nkwenda, upande wa Kyerwa, aliyeitwa Rwezaura. Kila Diwali Lalji alipokea sanduku kutoka kwao Bara Hindi, na jioni hiyo wafanyakazi wote walikaa kwenye ngazi za duka wakatazama. Kulikuwa na Gurudumu, la kupigiliwa msumari kwenye nguzo, likazunguka mpaka likajila lenyewe. Kulikuwa na Nyoka wa Majivu, kidonge kidogo kama cha kwinini. Ukikichoma, anatoka nyoka mweusi mrefu kuliko mkono. Kulikuwa na Njiwa, wa kuning'inizwa kwenye kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Akiwashwa hukimbia huku akipiga mluzi, akifika mwisho hugeuka akarudi alikotoka. Na kulikuwa na Tausi.

Tausi alisimamishwa chini kama chupa. Ukiwasha utambi alikaa kimya mpaka ukadhani ameharibika, kisha akafungua mkia. Cheche za kijani na za buluu zilipanda juu kuliko paa la duka, zikatanda hapo, na zilifanya yote hayo bila mlio wowote. Lalji aliwasha Tausi mmoja tu, Diwali ya mwaka 1951, na hapohapo ubishi ukazaliwa. Telesfori aliona kijani ikitangulia, buluu ikafuata. Rwezaura aliona buluu ikitangulia, kijani ikafuata. Walibishana mpaka Lalji akazima taa akawaambia wakalale.

Wakati huo ulikuwa ubishi wa marafiki. Walipendana mno, hata mwaka 1953 wakala mukago. Kwa asiyejua: hutafutwa buni moja yenye punje mbili ndani. Kila mmoja huchanjwa karibu na kitovu, punje yake hupakwa damu yake, kisha kila mmoja humeza punje ya mwenzake kutoka kiganjani mwake. Tangu siku hiyo huyo ni munywani wako, ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Akija kwako akaomba kwa mdomo wake mwenyewe, humnyimi. Ukimnyima, tumbo lako litavimba ufe. Tena msiba wa nyumba yake ni wako, na kaburi lake unalichimba wewe. Padri alipojua aliwapa rozari kumi kila mmoja kwa kosa la upagani. Walizisali zote, na punje ya kahawa ikabaki tumboni.

Mwaka 1958 Lalji alifunga duka akahamia Mwanza. Kabla ya kuondoka aliwaita akawagawia fataki zilizobaki. Tausi walikuwa wawili. "Hao wa mwisho," alisema. "Mzee aliyewatengeneza amekufa. Watoto wake sasa wanatengeneza viberiti tu." Njiwa alikuwa mmoja, na yeye pia hakuwa akitengenezwa tena. Wakapiga kura kwa vijiti. Rwezaura akapata Tausi wote wawili, Telesfori akapata Njiwa pamoja na aina nyingine zaidi ya ishirini. Tangu hapo wote wawili hawakuwa watu wa kawaida tena. Waliulizia fataki za zamani Bukoba, waliulizia kwa madereva wa Uganda, walitunza hata karatasi zilizofungiwa. Wake zao walikuja kuyaona hayo wakiwa wameshaingia ndani, na kutoka si rahisi.

Urafiki uliharibika siku ya harusi ya Telesfori, mwaka 1959. Alikuwa ndani ya sakristia na bibi harusi, Costansia, wakitia dole gumba kwenye kitabu cha ndoa, aliposikia watu uwanjani wakipiga kelele za mshangao. Alitoka mbio na wino kidoleni. Alikuta moshi. Rwezaura alikuwa amesimama katikati ya watu, mikono kiunoni, amewasha Tausi mmoja kumpongeza munywani wake.

"Mbona hukunisubiri?" Telesfori aliuliza.

"Nilidhani umeshatoka," Rwezaura akajibu. Kisha, badala ya kuomba radhi, akacheka. "Buluu ndiyo iliyotangulia. Nilikwambia."

Telesfori hakumsamehe. Alimchukia siku hiyo, akamchukia zaidi kila mwaka uliofuata, na sijui kama alipata siku ya kupumzika. Alichotaka maishani kilikuwa kimoja: kumwona Tausi kwa macho yake mara moja tena, ajue kwamba kijani inatangulia na kwamba yeye hakuota. Tausi huyo alikuwa Nkwenda, nyumbani kwa mtu asiyeweza kumnyima. Angekwenda tu, aombe, apewe. Lakini Rwezaura naye asingenyimwa, na kila mtu alijua anamtamani Njiwa. Akiombwa na Telesfori, naye angeomba. Kwa hiyo wakakimbiana. Walikimbiana kama wenye ukoma. Telesfori akimwona Rwezaura kwenye mnada wa Igurwa alijipenyeza nyuma ya mbuzi. Rwezaura akimwona Telesfori kwenye misa ya jubilei alitoka kabla ya komunyo. Salamu za kutumwa hazikuwa na madhara, kwa sababu ombi la mukago huombwa kwa mdomo, uso kwa uso, kwa hiyo walitumiana matusi tu.

Kisha ikaja vita ya Kagera. Novemba 1978 mizinga ilisikika mpaka vilima vya kwetu, na kila mwenye kitu cha baruti alitakiwa akitoe. Mgambo walikwenda moja kwa moja hadi kwa Telesfori, wakavuta sanduku la bati kutoka uvunguni, wakazitumbukiza fataki zote katika mtumbwi wa kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakajaza maji. Karatasi zilichuja. Maji yakawa mekundu, yakawa ya fedha, mwisho yakawa kama uji wa ulezi uliochacha. Miaka ishirini ya kukusanya ikaishia humo. Telesfori alikaa juu ya kinu akilia wazi mbele ya watu.

"Ni Rwezaura!" alisema. "Rwezaura amenichongea!"

"Si Rwezaura, Baba Egbert," Costansia akamwambia, naye alikuwa mama wa watoto sita asiyeogopa tena. "Ni mimi. Nimechoka kulala juu ya bomu."

Alimsikia vizuri kabisa. Lakini mtu akishazoea adui wake hataki mwingine, na mpaka leo ukimuuliza atakwambia ni Rwezaura.

Njiwa alipona. Alikuwa jikoni, ndani ya kopo la samli, kwenye uchaga wa juu ya meko pamoja na mbegu za maharage. Telesfori alimweka hapo kwa sababu unyevu wa kwetu unaua fataki haraka kuliko maji, na moshi hukausha. Kila siku Costansia alipika matoke chini ya baruti, na hilo kopo hakuliogopa kwa kuwa hakuambiwa lina nini. Alipokuja kuambiwa, alisusa kupika siku tatu. Kopo halikushuka.

Mwaka 1981 mke wa Rwezaura, Therese, alifariki. Habari zilifika Nyabiyonza asubuhi, na Telesfori alijua wajibu wake: achukue jembe, apande baiskeli, akachimbe kaburi. Therese alikuwa amemlisha kwa mkono wake miaka ile ya ujana. Akalishika jembe. Akafikiri. Pale msibani, mbele ya ukoo mzima, Rwezaura atasimama langoni aseme, munywani, naomba Njiwa. Telesfori akalirudisha jembe ukutani.

"Mwambie mguu wangu umevimba," alimwambia Costansia.

Costansia aliutazama mguu, akamtazama mwenye mguu, akatema mate chini. Alikwenda peke yake. Aliporudi hakusema lolote alilolikuta huko, na hakumsemesha mumewe mpaka mavuno ya kahawa. Mimi nasema ilikuwa aibu. Mtu kumkimbia maiti kwa sababu ya karatasi yenye baruti, hiyo ni aibu ambayo hata kanzu nyeupe haiifichi.

Miaka saba ikapita. Novemba 1988, wakati wa senene, wanunuzi wa kahawa walileta habari kwamba Rwezaura wa Nkwenda yu mahututi, miguu imejaa maji, hainuki tena. Telesfori hakulala. Mtu akifa vitu vyake huenda kwa mrithi, na mrithi wa Rwezaura alikuwa binti yake, Deodatha, ambaye angemtupia Tausi motoni bila kujua. Kulipokucha alishusha kopo, akamtoa Njiwa, akamgeuza mkononi, akamrudisha. Alikuwa ameamua. Atamwomba Tausi, ataombwa Njiwa, atampeleka. Njiwa hukimbia tu. Tausi ndiye aliyekuwa na jibu.

Alifika Nkwenda kama saa tisa mchana, matope hadi magotini. Deodatha, mwanamke mzima mwenye watoto wake, alimpokea langoni akapiga magoti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Yuko?"

"Yuko. Amesema ungekuja."

Rwezaura alikuwa amelazwa kwenye mkeka chumba cha mbele, karibu na meko, amebaki macho na tumbo. Walitazamana. Mwenye kovu usidhani kapoa, na hawa walikuwa na makovu yao karibu na kitovu.

"Umekuja," Rwezaura akasema. "Therese alipokufa mguu wako ulikuwa umevimba. Naona umepona."

"Nimepona."

"Miaka saba mguu kuvimba. Huo si ugonjwa wa mchezo, waitu."

Telesfori hakuketi. "Munywani, nimekuja kuomba."

"Omba."

"Naomba Tausi."

Alitegemea kelele, alitegemea laana. Rwezaura alicheka hadi akakohoa, kisha akamwita binti yake. "Mletee baba yako kitu chake."

Deodatha alileta kibuyu kilichozibwa kwa nta, ambacho mgambo wa mwaka 1978 hawakukishuku. Ndani, kwenye pamba, alilala Tausi. Picha yake ilikuwa imefifia, lakini utambi ulikuwa mkavu na uzi uliofunga karatasi yake haukuguswa. Rwezaura alimtunza vizuri, na hilo Telesfori alilikiri moyoni hapohapo bila kupenda. Furaha ilimpanda mpaka machozi yakamlenga. Alimshika kwa mikono miwili, akasubiri zamu ya mwenzake. Moyoni alikuwa ameshaagana na Njiwa.

"Na mimi naomba," Rwezaura akasema.

"Omba."

"Naomba Tausi awashwe. Sasa hivi, hapo uani. Awashe Deodatha. Na wewe ukae humu ndani na mimi, uso wako kwenye meko, mpaka aishe."

Telesfori alidhani amesikia vibaya. "Jua bado liko juu," akasema.

"Sikuomba giza."

"Ni wa mwisho, Rwezaura! Duniani hakuna mwingine!"

"Na Therese alikuwa wa mwisho. Hakukuwa na mwingine." Rwezaura alijiinua kwa kiwiko, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyeumwa kabisa. "Kaburi lake nililichimba mwenyewe, mashemeji wakinitazama. Wakaniuliza, munywani wako yuko wapi? Nikawaambia anaumwa mguu. Nilikutetea, mbwa wewe, huku nikijua. Sasa kaa chini."

Angeweza kukataa. Tumbo kuvimba hakukumtisha sana. Alikuwa Mkatoliki siku za Jumapili. Lakini alikuwa ameomba akapewa, kitu kilikuwa tayari mkononi mwake, na jambo la Therese halikuwa na jibu. Akamkabidhi Deodatha. Na kwa kuwa Deodatha hakujua lolote, ilimbidi Telesfori mwenyewe amfundishe: umsimamishe mahali pakavu, umkandamize kwa mawe matatu, uchome ncha ya utambi kwa kijinga cha moto, urudi nyuma hatua kumi, watoto wasisogee. Alieleza yote bila kuruka kitu.

Kisha akaketi, uso kwenye meko.

Alisikia miguu ya wajukuu ikikimbilia uani. Alimsikia Deodatha akiwafukuza nyuma. Kikafuata kimya, kile kimya alichokikumbuka tangu mwaka 1951, ambacho mtu hudhani ameharibika. Telesfori aliukazia macho ukuta wenye masizi juu ya mafiga. Mtu mwerevu angeweza kuiona rangi hata kwa mgongo, ikimulika ukutani. Lakini mlango ulikuwa wazi, mchana ulikuwa mweupe, na ukuta ulibaki mweusi vilevile. Ndiyo maana Rwezaura hakuomba giza.

Huko nje watoto wakapiga kelele za mshangao. Ilikuwa sauti ileile ya uwanja wa kanisa. Harufu ya baruti ikaingia, ikapita kati ya wazee wawili, ikapotelea kwenye moshi wa kuni.

"Na wewe umemkosa," Telesfori akasema bila kugeuka. Alisema kwa kumkomoa, kwa kuwa hakuwa na kingine. "Umemchoma wa mwisho na wewe mwenyewe hukumwona."

"Mimi nilimwona yule wa harusi yako," Rwezaura akajibu. "Kijani ilitangulia."

Telesfori akageuka.

"Kijani," Rwezaura akarudia polepole, akimtazama machoni. "Ulisema kweli tangu mwanzo. Nilijua siku ileile."

Miaka ishirini na tisa. Jibu alilolitaka Telesfori kuliko chochote alikuwa amelipata, na lilikuwa lake, na halikumfurahisha hata kidogo. Uani watoto walikuwa wameanza kubishana, huyu akisema hivi na yule vile, mpaka mama yao akawafokea.

Alingoja. Alikaa hadi jua likashuka, akaletewa senene hakula. Mwisho akashindwa, akauliza mwenyewe. "Na Njiwa? Huniombi Njiwa?"

"Njiwa wa nini?" Rwezaura akasema, akageukia ukuta. "Kaa naye."

Rwezaura alikufa baada ya wiki tano. Telesfori alifika wa kwanza na jembe begani, akachimba kaburi peke yake toka juu hadi chini, na kila aliyetaka kumpokea jembe alimfukuza kwa matusi. Walipomwita aseme neno kama munywani wa marehemu, alisimama na udongo mikononi. "Alikuwa mwongo," akasema. "Nimemchimbia." Akaketi. Watu waliguna, lakini Deodatha alimletea maji ya kunawa.

Basi turudi kwenye ile Krismasi ya mwaka 1993. Telesfori aliwaacha vijana barabarani, akaingia jikoni, akaketi kwenye kigoda. Costansia alikuwa akipika. Alikuwa amesikia yote kutoka uani.

"Yule kijana amekuomba kwa adabu," akamwambia. "Ungewawashia. Unamtunzia nani?"

Mzee alitazama juu, kwenye uchaga, palipokuwa na kopo jeusi kwa masizi ya miaka mingi.

"Si wa kuniomba, yule," akasema. "Wa kuniomba nilimfukia mwenyewe."

Costansia alisukuma kuni ndani ya meko, chini ya kopo, matoke yaive.